Kiinua Mgongo cha Fundi wa Daraja

Kambini, 4 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana nina mengi. Mimi mzima, na kifua kimeacha kunisumbua tangu baridi ipungue. Mama anaendeleaje? Mwambie blanketi alilonitumia limepata umaarufu. Mpishi wetu aliliazima wiki ya mafua, na kumnyang'anya ikawa kazi kama kung'oa jino. Huku korongoni simu hazishiki mtandao, kwa hiyo habari zenu nazipata lori la saruji likija, nalo huja likijisikia.

Daraja linakwenda. Tumeanzia kingo zote mbili, kila upande unajinyoosha hewani kumfuata mwenzake, na katikati hakuna kitu, ni hewa tupu hadi mtoni. Nimechomelea vyuma maisha yangu yote, mageti, matangi ya maji, mapaa ya viwanda, lakini kila asubuhi nikifika pale ukingoni nasimama kwanza, miguu inakataa. Mafundi wenzangu wananicheka. Wanasema mzee anasali. Sijui kama nasali. Ninachojua ni kwamba sisi watu wafupi tumeamua kupita mahali ambapo hata ndege wanapiga kona.

Sasa jambo lenyewe. Mwisho wa Juni nastaafu. Kiinua mgongo bado hakijatoka, lakini watu wameshaanza kunisalimia kwa heshima nisiyoizoea. Juzi mtunza stoo aliniletea bwana mmoja, viatu vinang'aa katika vumbi hili lote, eti kampuni yao inazidisha fedha mara mbili kwa miezi mitatu. Nikamuuliza, "Hizo fedha zinafanya kazi gani hata zizaane kuliko sungura?" Akasema hiyo ni siri ya kampuni. Nikamwambia na mimi kiinua mgongo changu ni siri ya familia.

Lakini kumfukuza mtu si mpango. Wewe ulikaa dirishani posta miaka mingi, ukastaafu kabla yangu, na nasikia una hisa na vitu vya namna hiyo. Niambie nifanyeje. Utajiri siutaki. Nataka tu nisije nikawa mtu wa kubebwa.

Kaka yako


Nyumbani, 23 Februari

Kaka,

Barua yako nilimsomea mama mara mbili, na mara zote mbili alicheka palepale, kwenye blanketi. Anakula vizuri, masikio yanachagua cha kusikia, na bado anagombana na redio taarifa ya habari inapomuudhi. Paa la jikoni lilivuja nikaliziba. Mimi mzima wa afya.

Umenifurahisha kuniuliza. Ngoja nikueleze kilichonipata mwaka niliostaafu. Nilikwenda ofisi ya mfuko wa uwekezaji nikiwa na mashaka yangu yote mkononi. Ule ni mfuko wa watu wengi: kila mmoja anatia chake, wataalamu wananunua hisa za viwanda, mabenki, kampuni za umeme, na wewe unamiliki vipande kadiri ya ulichotia. Foleni ilikuwa ndefu. Mbele yangu alikuwepo mshona nguo, mama wa umri wangu, amekuja kuuliza salio. Alikuwa akiweka kidogo kila mwezi tangu kifungua mimba wake aanze shule. Karani alipomwonyesha karatasi, yule mama aliishika, akaigeuza nyuma kama anatafuta jina la mtu mwingine, halafu akakaa chini. Kaka, na mimi niliiona ile karatasi. Zaidi ya nusu ya fedha zile hakuzitia yeye. Zilikuja zenyewe, polepole, akiwa kwenye cherehani, akiwa amelala, akiwa msibani. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwaza nguvu gani hii inayofanya kazi bila kelele, na mbona hatukuambiwa tukiwa wadogo.

Kwa hiyo nenda kwa mhasibu wenu, ujaze fomu akukate kiasi kilekile kila mwezi kiende kwenye mfuko, bei ipande au ishuke. Kiinua mgongo kikitoka, kigawe. Sehemu iwe benki, ya kula na ya dharura. Sehemu kubwa nunua hati fungani za serikali, uwe unalipwa riba mara mbili kwa mwaka na roho imetulia. Inayobaki itie kwenye vipande na uisahau. Bei zitayumba, hilo ni hakika kama jua. Ukianza kuzichungulia kila siku utapata vidonda vya tumbo.

Jambo jingine. Herufi zako zimekuwa kubwa kama za bango la dukani. Unaniandikia mimi au unamwandikia mtu wa ng'ambo ya korongo?

Mdogo wako


Kambini, 2 Mei

Mdogo wangu,

Usishangae mwandiko. Niliumia kidole, si sana, na mpishi amekubali kuniandikia akimaliza vyombo. Ana mwandiko mzuri kuliko wangu, anakusalimu. Shikamoo yangu kwa mama.

Nimefanya ulivyosema. Mhasibu alinisomea fomu yote nikatia sahihi, na toka Machi ananikata. Hata sijui kimeingia kiasi gani, na sitaki kujua, maana ulisema nisahau. Barua yako ile ilinikaa kichwani, hasa yule mama wa cherehani.

Siku hizi nafundisha zaidi kuliko kuchomelea. Niliomba mwenyewe. Mshono ukishapoa napitisha vidole juu yake, na kama kuna mahali pameshika vibaya najua. Msimamizi amekubali nikishastaafu nibaki hapa kama mgeni mpaka pande mbili zikutane. Siwezi kuondoka kabla.

Mvua zilikuwa kubwa. Maji yalikuwa yakinguruma kule chini mpaka sahani zinacheza mezani.

Kaka yako


Nyumbani, 24 Mei

Kaka,

Pole na kidole. Mama hajambo, anauliza kidole gani. Nami nauliza, maana wiki zimepita na kidole gani hicho kisichopona.

Sitazunguka. Sijui huko korongoni habari zinafika vipi, lakini soko la hisa limeanguka. Ilianza na benki moja kutetereka, bei ya mafuta ikapanda, kisha kila mtu akataka kuuza siku moja. Gazeti nalisoma asubuhi na jioni nasikiliza redio, na kila siku ni afadhali ya jana. Ofisini kwa mfuko watu wanasukumana mlangoni. Nimeona mtu mzima, mwalimu mkuu aliyenifundisha hesabu, amekaa kwenye ngazi ameshika tama. Kuna kitu cha kutisha katika kuona vitu vikubwa namna ile vikiporomoka bila mtu kuvisukuma. Ni kama kusimama pale ukingoni kwako.

Kwa hiyo sikiliza. Mwambie mhasibu asimamishe makato leo. Na kiinua mgongo kikitoka, kwenye vipande usitie hata senti. Waliotoka mapema wamenusurika na walichonacho. Niliyokuandikia Februari yafute.

Nijibu kwa lori la kwanza.

Mdogo wako


Nyumbani, 30 Juni

Kaka,

Hujajibu. Dereva wa lori ananiapia kwamba barua ulipewa mkononi.

Mama anakohoa kidogo lakini anapata nafuu. Mimi nimepata kazi ndogo ya kuchapa barua za watu, pale duka la vifaa vya ofisi karibu na mahakama. Ni ya kupotezea muda tu, nyumba ilikuwa imezidi ukimya. Usiulize zaidi.

Leo ndiyo siku yako ya mwisho kazini na sikuwepo kukupigia makofi. Umekula jasho lako kwa haki, Kaka. Nimewaambia majirani.

Je, ulisimamisha makato? Niandikie neno moja tu, ndiyo au hapana. Mpishi na akuandikie.

Mdogo wako


Kambini, 27 Agosti

Mdogo wangu,

Daraja limeungana.

Nasema kwanza hilo kwa sababu siku ya tatu sasa nalisema peke yangu kama mwehu. Mama asamehe, salamu zake zinakuja mwishoni.

Kipande cha kati kilifika alfajiri. Kreni zilipoanza kukiinua, watu wote wakanyamaza, kambi nzima, hata mbwa. Nilisikia nyaya zikikazwa, sauti nyembamba kwanza, halafu nene, halafu zikaanza kuimba kabisa. Upepo ulikuwa unatoka kushoto, na kile chuma kilipopanda juu yetu upepo ukakatika ghafla usoni mwangu, ndipo nikajua ukubwa wake. Msimamizi alikuwa akihesabu kwa sauti, na wa ng'ambo akimjibu, na kadiri kilivyoshuka sauti zao zikawa zinakaribiana, mpaka wakawa wanaongea kama watu walioketi meza moja. Kisha chuma kikagusa chuma. Haukuwa mshindo. Ulikuwa mguno, kama wa mtu mkubwa anayekaa baada ya kutembea sana, nikausikia miguuni ukipita chini yangu kwenda upande mmoja na kurudi. Mdogo wangu, mimi ni mtu wa vyuma lakini nililia, na sikuwa peke yangu.

Baadaye walinishika mkono nikavuka. Nilivuka hewa.

Kiinua mgongo kilitoka Julai. Nilimwomba mhasibu akafanye kama barua yako ya Februari, neno kwa neno: benki, hati fungani, na vipande. Makato nayo yaliendelea mpaka mwisho. Nakushukuru sana. Mama msalimu, mwambie nipo.

Kaka yako

Dada, mimi ni mpishi. Naandika haya chini bila ruhusa yake. Hakuumia kidole. Haoni. Anaona mwanga na kivuli tu, na ndiyo maana aliacha kuchomelea, hakutaka kumuumiza mtu. Barua zako mbili za mwisho ziko chini ya mto wake, hazijafunguliwa. Kila nikimwambia nimsomee anasema ni mambo ya ukoo. Sijui cha kufanya, na wewe ndiye ndugu yake.


Nyumbani, 5 Septemba

Mpishi, ahsante. Hii msomee, akitaka asitake.

Kaka,

Mama anajua. Nilipomwambia alisema hata baba yetu alikuwa na kiburi cha namna hiyo, na akaniambia nichukue kalamu.

Nimekwenda hospitali ya hapa na kuongea na daktari wa macho. Nikamweleza mwandiko ulivyokua mkubwa, mwanga na vivuli. Akasema bila kukuona hawezi kuapa, lakini inasikika kama mtoto wa jicho, na huyo huondolewa. Watu huingia wameshikwa mkono, wakatoka wanatembea wenyewe. Hospitali kubwa ya mji wa njia panda wanafanya kila wiki, na kadi yako ya wastaafu inakubalika pale, nimehakikisha. Kumwacha mama siwezi, naye kusafiri hawezi. Mpishi, nakuomba kama dada: mpandishe kwenye lori.

Kaka, nimeisoma tena habari ya daraja. Hakuna rangi hata moja katika barua yote, na sikugundua. Nilikuwa nimeduwaa, naona kila kitu.

Juu ya fedha sina la kusema leo. Zile barua mbili za chini ya mto ziacheni. Atazisoma mwenyewe.

Mdogo wako


Mji wa njia panda, 9 Novemba

Mdogo wangu,

Mwandiko huu ni wangu. Tazama udogo wa herufi.

Mama hajambo? Mimi sijui niseme mimi ni nani, maana mtu aliyekuja hapa si huyu anayeandika. Walitoa bandeji ya jicho la kulia siku moja asubuhi. Kitu cha kwanza kilikuwa pazia la kijani. Lilikuwa la kijani kiasi kwamba nilimwambia muuguzi kuna kitu kinawaka. Halafu mikono yangu. Imezeeka, nani aliizeesha wakati sitazami? Halafu mpishi, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha wageni anamenya chungwa. Nimekula chakula chake miaka minne, na katika ukungu wa macho haya nilidhani ni mama wa makamo ya mama yetu. Ni mdogo kwangu. Nilipomwambia akasema, "Ndiyo maana ulikuwa unaniamkia?" Wodi nzima ikacheka.

Jicho la pili likafuata. Kabla ya kurudi hapa kufanyiwa uchunguzi wa mwisho, nilipita darajani. Nilisimama katikati. Sikujua ng'ambo kuna nyumba. Kuna kijiji kizima kule, mabati, kamba za nguo, mtoto anakimbiza kuku, na wote walikuwa pale siku zote nikichomelea kuelekea kwao. Chini mto ni uzi. Niliinama nikaiona mishono yetu, mstari baada ya mstari hadi macho yanapoishia, na siku hiyo malori yalikuwa yanapita juu yake bila kujua.

Jioni yake nikafungua barua zako.

Ile ya Mei niliisoma mara tatu. Umeniambia nisimamishe kila kitu, na mimi kila mwezi nilikuwa nanunua. Kiinua mgongo kilitiwa Julai, mwezi ambao, karani wa mfuko hapa mjini ananiambia, bei zilikuwa chini kabisa na hakuna aliyeingia mlangoni ila wanaotoka. Alitazama tarehe zangu, akaniangalia, akasema, "Mzee, ulikuwa na moyo gani?" Nikamwambia sikuwa na moyo wowote, nilikuwa sioni. Akadhani natania. Bei hazijarudi zote, na anasema zinaweza kushuka tena kesho, lakini vipande vyangu sasa vina thamani kubwa kuliko nilichotoa, na riba ya kwanza ya hati fungani inakuja Januari. Usinisifu. Ningekuwa na macho ningekusikiliza, ningekimbia na wengine.

Sasa na mimi nakuuliza. "Waliotoka mapema wamenusurika." Na ghafla unachapa barua karibu na mahakama, wewe uliyesema ulipotoka posta kwamba hutagusa tena mashine ya kuchapa mpaka kufa. Mdogo wangu, uliuza?

Nijibu neno moja tu, ndiyo au hapana.

Kaka yako


Nyumbani, 26 Novemba

Kaka,

Ndiyo. Vyote, wiki ya tatu ya Mei, na siku ile nililala vizuri. Wiki iliyofuata sikulala tena. Kanuni niliyokupa wewe ilinishinda mimi mwenyewe nilipoona watu mlangoni. Nilibaki na hati fungani, ndizo zinazotulisha mimi na mama, na kazi ya kuchapa inajaza pengo. Sikukuambia kwa sababu wewe ndiye uliyenifanya mshauri, na nilikipenda cheo hicho.

Lakini sikuandikii ili nilie. Barua yako nilimsomea mama jioni, na nilipofika kwenye pazia la kijani ilibidi niache nikanywe maji. Mama hakulia. Aliuliza habari ya vipande. Nikamweleza yote, hisa, mfuko, mama wa cherehani, Mei na Julai. Alisikiliza kama mtu anayesikia habari za sayari nyingine, mikono magotini. Akauliza, "Na hizo zinakua hata mtu akiwa amelala?" Nikasema ndiyo, na zinapungua pia. Akasema, "Na mimi siku hizi nalala sana."

Asubuhi nilikuwa natoka, nimekata shauri kuanza upya na mshahara wa mwezi huu, kiasi kidogo, kilekile kila mwezi. Nikamkuta mlangoni amevaa gauni la Jumapili, ameshika mkoba wake. Tulikwenda kwa miguu, kwa mwendo wake. Ofisini hapakuwa na foleni. Karani, msichana mwenye adabu, alijaza fomu yangu, kisha akamgeukia yeye. Alipoona mwaka wa kuzaliwa aliacha kalamu, akanitazama mimi, akamtazama tena. Akauliza kwa upole, "Bibi, unafikiria kuwekeza kwa muda gani?"

Mama alifikiri sana. Niliona anahesabu kitu chake mwenyewe, hakimhusu mtu.

"Tuanze na miaka ishirini," akasema.

Yule msichana akaandika.

Mdogo wako